Mwaka Niliochapa "Ana Kosa"

Mwezi uliopita nilialikwa harusini Singida mjini, na wenye shughuli, kwa nia njema kabisa, wakatukusanya meza moja watu wote tuliowahi kufanya kazi katika shule aliyosoma bwana harusi. Ndivyo nilivyojikuta nimekaa uso kwa uso na Mwalimu Mhando, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo na mkubwa wangu wa kazi, ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Amezeeka. Nywele zimekwisha na mkono unatetemeka akishika kijiko, lakini sauti ni ileile, ya mtu anayeamini kwamba kila aliye karibu amekuja kumsikiliza yeye. Nilimwamkia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Akaitikia, na kabla pilau haijafika mezani akawageukia wenzetu. "Mnamkumbuka Zuhura? Katibu muhtasi wangu. Huyu dada alikuwa anakula h! Anaandika 'abari ya asubui', anaandika 'apana'. Siku moja akala h mpaka mpishi akafukuzwa kazi!" Meza nzima ikacheka. Aliyekuwa mwalimu wa jiografia alicheka mpaka akapaliwa na soda. Mimi nilichukua mkoba wangu, nikatoka ukumbini, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kama kichaa. Kesho yake nikaanza kuandika sura hii.

Mambo ya kwetu Mtinko, ya wazazi wangu na ya jinsi nilivyosoma uhazili, nayaacha. Nataka kuueleza mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nitaueleza ulivyokuwa, ubaya wangu ukiwemo. Mzee yule ameufanya kichekesho cha harusini. Nami ninao ushahidi, maana nilikuwepo, tena vidole vilivyochapa ni hivi hivi.

Shule ilikuwa ya mtu binafsi, nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Ilongero. Jina lake silitaji. Ilishafungwa siku nyingi. Ofisi yangu ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya madawati, chenye dirisha moja la wavu lisilo na kioo, linalotazama jiko. Mchana moshi wa kuni uliingia na harufu ya maharage, na kuanzia mwezi wa saba, upepo wetu ulipoanza, mchanga uliingia pia, laini kama unga, ukakaa juu ya kila kitu. Ukuta uliotenganisha chumba changu na ofisi ya mkuu ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo nilisikia kila alilosema, na nadhani alijua nasikia. Kompyuta ilikuwa moja tu kwa shule nzima. Niliipenda. Niliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya kijani, nikaifunika kila jioni kama mtu anavyofunika chakula cha mgeni. Wakati ule msichana anayejua kuchapa kwenye kompyuta alikuwa mtu, na mimi nilijiona mtu.

Kibodi ile iliuawa na chai ya Mwalimu Mhando. Alikuwa na tabia ya kuja kukaa kwenye kona ya meza yangu, kikombe mkononi, akinisomea barua kwa kichwa huku akitikisa mguu. Siku moja mwezi wa pili, katikati ya sentensi, kikombe kikainama. Ilikuwa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, maana yeye sukari hakuipimia. Nilinyanyua kibodi, nikaigeuza chini juu, ikatiririka. "Futa, futa," akasema, "hicho ni kiplastiki tu." Nikafuta. Kesho yake asubuhi nilikuta mstari wa sisimizi unatoka dirishani, unapanda mguu wa meza, unaingia kati ya g na j. Nilikaa nikawatazama wakiingia na kutoka kama watu wa mnadani. Baada ya wiki mbili herufi h ilianza kuugua.

Leo nina ofisi yangu ya kuchapa karibu na stendi, na wasichana ninaowafundisha huwa nawaambia wazi: kibodi haifi siku moja kama balbu. Inakufa polepole, nawe unakufa nayo polepole bila kujua, kwa sababu unaizoea. Kwanza kitufe kinakuwa kizito, nawe unaongeza nguvu ya kidole. Kisha kinazama na kuchelewa kurudi. Siku nyingine kinatoa herufi mbili, siku nyingine hakitoi kabisa, halafu asubuhi moja kinafanya kazi vizuri mpaka unajilaumu kwa kukisingizia. Hicho ndicho kipindi cha hatari, kinapofanya kazi leo na kugoma kesho. Kitufe kilichokufa kabisa kila mtu anakiona. Kilicho nusu mfu kinakufanya wewe uonekane mjinga. Mimi nilipuliza, nilikung'uta mchanga, nilipangusa kwa pamba yenye spiriti. Mwishowe nilianza hila: nilikuwa nafungua barua ya zamani, nanakili h moja nzima, kisha kila nikifika kwenye h naibandika pale. Ukurasa mmoja wa Kiswahili una h ngapi? Jaribu kuhesabu. Nikaanza hata kukwepa maneno. Badala ya "mwanafunzi huyu hayupo" nikaandika "mwanafunzi ametoroka", na mzazi wa yule mtoto akaja juu, kwa sababu mtoto alikuwa amelazwa. Ukifika mahali unachagua maneno yako kwa kuiogopa kibodi, hiyo kibodi ilitakiwa kutupwa jana.

Aliyenifanya niuvumilie mwaka ule alikuwa mpishi mkuu, Elinami, ambaye wote tulimwita Mama Tabita. Alikuwa Mnyiramba wa Kinampanda, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyewaamrisha wasaidizi wake kwa kidevu. Saa saba nilivuka uwanja kwenda jikoni kwake, kwa sababu chumba cha chakula cha walimu kilinishinda. Pale walimu walipenda kuniuliza, "Zuhura, au tukuite Zuura?" maana Mwalimu Mhando alikuwa amekwisha waambia. Yeye alisoma Tanga, na Kiswahili chake alikivaa kama suti. Nilimsikia kupitia mbao akimwambia mgeni, "Katibu wangu ni wa hapa hapa. Watu wa bara hawa, h kwao ni mzigo. Wanaitupa njiani." Mgeni akacheka. Jikoni hakuna aliyenicheka. Mama Tabita alikuwa na kigoda chake karibu na mlango wa nyuma, ananisogezea kingine, ananiwekea ugali wa uwele aliousonga pembeni kwa ajili yake mwenyewe, na mlenda, na siku za Ijumaa dagaa aliowakaanga kwa mafuta ya alizeti mpaka wakalia mdomoni. Tulikula bila maneno mengi. Akinawa mikono alikuwa anasema, "Haya, rudi ukapigane," kana kwamba alikuwa anaona kila kitu kupitia ule wavu.

Mwezi wa tano nilimleta fundi wa kompyuta kutoka mjini, mwanaume mtulivu aliyeitwa Saidi. Alichomoa kibodi yangu, akachomeka nyingine aliyokuja nayo kwenye mkoba, akaniambia, "Chapa." Nikachapa h mara ishirini, zikatoka ishirini. Akachomoa, akarudisha yangu. Zikatoka tano. Mwalimu Mhando alikuwa amesimama mlangoni, anatazama. "Umeona, mwalimu," fundi akasema. "Mashine nzima. Kidole cha dada kizima. Ugonjwa uko hapa. Hii haitengenezeki, chai ikishaingia huku ndani inakula njia zake. Badilisheni." Mwalimu Mhando akasema, "Ninyi mafundi kila kitu kwenu ni kubadilisha. Mke akiugua mtasema abadilishwe." Fundi akafunga mkoba wake, akaniangalia kwa huruma, akaenda zake. Niliandika ombi la kibodi mpya mara tatu. Mara zote lilirudi na maneno yaleyale kwa kalamu nyekundu: "Katibu aongeze umakini."

Kisha ikaja barua ya "Mando". Ilikuwa barua ya mwaliko kwa wazazi, na mwisho wake, chini ya sahihi, jina lake lilitoka bila h. Alikuja nayo ameishika kwa vidole viwili. Nilikuwa na wazazi watatu ofisini wanasubiri fomu.

"Soma hapa," akasema.

"Mwalimu, ni ile kibodi..."

"Nimesema soma!"

"Mando."

"Mando ni nani? Baba yangu aliitwa Mhando, na babu yangu Mhando. Wewe umewafuta wote kwa uvivu wa kidole kimoja."

Kuanzia siku ile nilijifunza kitu kimoja. Jina lake nililichapa kwa kidole cha kati, nikikandamiza ile h mpaka meza inatikisika, kisha narudia kulitazama kwenye skrini mara mbili. Na yeye akajifunza tabia moja: nikimpelekea barua, macho yake yalishuka moja kwa moja chini, yakatafuta jina lake, yakaikuta h imesimama, akasaini. Hayo mengine hakuyasoma. Niliigundua tabia hiyo mapema, nami nikaidharau, lakini sikumwambia mtu.

Mwezi wa nane mafuta ya kupikia yakapungua stoo. Dumu kubwa la alizeti lililokuwa jipya lilikutwa nusu, na mtu wa kwanza kunyooshewa kidole akawa mwenye funguo za stoo, Mama Tabita. Walikaa kikao cha watu wanne ofisini kwa mkuu. Nilisikia yote. Alijibu kila swali kwa neno moja au mawili. Mwishowe akasema, "Twendeni mkaangalie." Wakaenda, wakanyanyua magunia, na chini ya dumu sakafu ilikuwa imelowa, imeganda na mchanga, panya wamechimba pembeni. Dumu lilikuwa linavuja kwenye mshono. Waliporudi, mwalimu wa nidhamu alikuwa anajipangusa mikono, na Mama Tabita alipita mbele ya mlango wangu bila kugeuka, kichwa juu. Nilifurahi kwa ajili yake. Nataka ijulikane kwamba nilifurahi.

Barua ya kumjulisha mwenye shule, ambaye tulimwita Mkurugenzi na aliishi Dodoma, ilitakiwa ipande basi la mchana. Lakini asubuhi ile ile Mwalimu Mhando alikuwa amenifokea uwanjani, mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wanafagia, kwa ajili ya tangazo lililoandikwa "usafi wa sule". "Rudi kwenu ukajifunze kusema," alisema, "halafu ndiyo uje kuandika." Wasichana wenye mafagio waliinamisha vichwa. Mmoja akacheka kidogo kwa pua. Niliingia ofisini kwangu, nikakaa mbele ya ile kibodi, nikaapa. Kuanzia leo sibandiki h. Sirudii kusoma. Kinachotoka ndicho kinachotoka. Barua ziende Dodoma na vilema vyake, Mkurugenzi azione mwenyewe, aulize, na Mhando ajibu. Nilikuwa nimechoka kuuficha uzembe wake kwa vidole vyangu. Huo ndio ukweli ambao mzee yule hakuusimulia harusini, kwa sababu haujui. Anadhani nilikosea.

Alisimama mlangoni, akanisomea barua kwa kichwa haraka haraka. Alipenda barua fupi. Ilikuwa na mistari mitatu: kwamba kikao kimekaa, kwamba kimesikiliza pande zote na kuona kuwa mpishi mkuu, Bi. Elinami, hana kosa, na kwamba uongozi unasubiri maelekezo ya Mkurugenzi. Nilichapa bila kutazama skrini. Nilitazama wavu wa dirisha. Nilipofika kwenye jina lake nilitazama, nikakandamiza h, ikatoka. Printa ikalia, akaichomoa karatasi, macho yakashuka chini, akasaini, nikaitia kwenye bahasha, nikampelekea kondakta wa basi kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, nilisikia simu yake ikilia ng'ambo ya mbao. "Ndiyo, Mkurugenzi... Leo? ... Sawa. Sawa kabisa." Akatuma mtu jikoni. Mama Tabita alikuja na unga mikononi, na mlango haukufungwa, kwa hiyo niliona na kusikia.

"Mkurugenzi amesema uondoke leo," Mwalimu Mhando akamwambia.

"Kwa kosa gani?"

"Ameamua tu. Mwenye shule ni yeye."

"Si kikao kilisema sina kosa? Si mlishika wenyewe lile dumu?"

"Kikao kinashauri, mama. Mwenye mali anaamua."

Alijipangusa unga kwa kanga yake. Kisha akasema jambo kwa Kinyiramba, taratibu, ambalo mkuu hakulielewa na mimi nililielewa nusu, nalo halikuwa baraka. Akaenda jikoni. Nilimwona kupitia wavu akikunja kanga zake mbili, akichukua kisu chake na mwiko wake, akimwonyesha msaidizi wake kwa kidevu kwamba maharage yageuzwe. Alipita mbele ya dirisha langu na furushi kichwani. "Haya, baki salama," akaniambia. Hakuwa na sababu ya kunichukia bado.

Wazo lilinijia mchana ule, na lilikuja kama mtu anayekuja kudai haki yake. Nikafungua jalada, nikatoa nakala. "...kuona kuwa mpisi mkuu, Bi. Elinami, ana kosa. Uongozi unasubiri maelekezo yako." Kwenye "mpisi" mtu angeliona pengo. Kwenye "ana" hapakuwa na pengo lolote. Ni neno zima, lina maana yake, na limesimama pale kama shahidi. Kompyuta yenyewe isingenisaidia. Kiswahili haikukijua, ilikuwa inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, la kweli na la uongo sawasawa. Na chini kabisa, kwa ukamilifu wake: Mwl. Mhando.

Nilimpelekea. Alisoma, na safari hii alisoma yote. Akainuka, akafunga mlango.

"Nani kachapa hii?"

"Mimi."

"Umeua mtu, Zuhura."

"Nani kasaini?"

Nilidhani atanipiga. Akakaa. "Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mkurugenzi amekwisha nionya mara mbili kuhusu barua za ofisi hii. Nikimwambia na hii nilisaini bila kusoma, mimi sina kazi. Na wewe ndiyo kabisa."

"Na Mama Tabita?"

"Mama Tabita ana shamba kwao. Ni mtu mzima, atapata pa kupika. Hilo limekwisha. Na likitoka nje ya chumba hiki, nitasema ulifanya makusudi."

Neno "makusudi" lilinifunga mdomo, kwa sababu lilikuwa karibu mno na ukweli. Nilikaa kimya wiki sita. Ziandikwe hapa: wiki sita. Jikoni sikwenda tena. Nilikuwa nakula mkate mkavu mezani kwangu, nikitazama moshi wa mtu mwingine. Nilimchukia Mhando kwa chuki iliyoniamsha asubuhi na kunitembeza mchana, na chuki hiyo ilinifaa sana, kwa sababu wakati ninamchukia yeye sikuwa na nafasi ya kujitazama. Kilichonitoa pale ni maneno ya mwalimu mmoja aliyetoka likizo kwao Iramba. Nilimsikia kupitia mbao akimwambia mkuu kwamba Mama Tabita, kanisani kwao Kinampanda, ameondolewa kwenye kina mama wanaopika siku za sikukuu. "Wamesikia aliiba mafuta," akasema. "Wanawake hawataki aguse masufuria." Mkuu akajibu, "Watu wa vijijini wana maneno," na wakaendelea na mambo ya ratiba.

Jioni ile niliandika kwa mkono, kurasa mbili, kwa Mkurugenzi. Nilieleza chai, sisimizi, fundi, maombi matatu, kiapo changu, na neno "hana". Sikuficha kitu, na nilitia sahihi. Baada ya siku kumi basi la Dodoma lilileta boksi. Ndani yake kulikuwa na kibodi mpya, nyeusi, bado ina nailoni, na kikaratasi: "Tumieni hii. Barua ziwe zinasomwa kabla ya kusainiwa. Suala la mpishi lisirudiwe, tayari yupo mwingine." Nilikisoma mara nyingi nikitafuta sentensi nyingine nyuma yake. Haikuwepo. Mwalimu Mhando alikisoma mara moja, akaniambia, "Umenivua nguo mbele ya mwenye shule," na tangu siku hiyo hadi nilipoacha kazi mwezi wa kumi na mbili hakunisemesha tena. Alinituma kwa vikaratasi. Nilichomeka ile kibodi, nikachapa h mstari mzima. Zilitoka zote, nyepesi, bila jitihada, na nikakichukia kitu kile kipya kuliko nilivyowahi kukichukia kile kibovu.

Nilichapa barua ile upya, na "hana" yake, nikampelekea mkuu asaini. Aliirudisha bila sahihi. Basi Jumamosi moja nikapanda gari la kwenda Kiomboi, nikashuka Kinampanda, nikauliza, nikaonyeshwa. Mama Tabita alikuwa uani anapura alizeti kwa fimbo, amefunga kanga kichwani, vumbi limemjaa hadi kope. Alinitambua. Akaacha kupura, akaniwekea kigoda, akamwita binti yake alete maji. Kabla maji hayajafika nilikuwa nimekwisha anza kusema, nikasema yote nikiwa nimesimama. Binti alipokuja na bakuli, mama yake akamzuia kwa kidevu. Bakuli likarudi ndani.

"Herufi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umepanda gari kutoka Singida uje uniambie herufi."

Nikampa ile barua mpya. Akaigeuza, akatazama chini. "Hii haina sahihi."

"Amekataa."

"Basi ni karatasi." Akanirudishia. "Kitu kimoja. Ulifanya makusudi?"

"Neno lile kugeuka sikukusudia. Kutosoma nilikusudia. Nilitaka yeye aaibike."

Alitazama alizeti zake. "Kwa hiyo mlikuwa mnapigana ninyi wawili," akasema, "na fimbo mkaishusha kwangu. Mimi niliyekuwa nakupa ugali." Akanyanyua fimbo yake. "Kesho Jumapili. Utakuja kanisani, utasema mbele ya wale wanawake. Karatasi haina sahihi, lakini mdomo wako unayo. Utasema kama ulivyoniambia, na hilo la makusudi pia. Sasa toka hapa."

Nililala nyumba ya wageni Kiomboi, na asubuhi nikarudi. Mimi ni Mwislamu. Nilisimama nje chini ya ukuta hadi ibada ilipokwisha na kina mama wakakusanyika pembeni kwa mambo yao. Walikuwa kama thelathini. Mama Tabita hakunitambulisha. Alinisukuma mbele kwa mkono mgongoni, mkono mgumu. Nikaanza kusema, sauti ikakatika, mwanamke mmoja akasema, "Paza, hatusikii." Nikapaza. Niliwaambia kuhusu dumu lililovuja, kuhusu kikao, kuhusu neno moja linalotofautiana na jingine kwa herufi moja. Niliwaambia kwamba nilijua herufi hiyo haifanyi kazi, na siku ile niliacha kusoma kwa hasira. Hakuna aliyeniambia pole. Mzee wao, mwanamke wa miwani, aliniuliza, "Na huyo mkubwa wako yuko wapi?"

"Hajui kama nimekuja."

"Angejua?"

"Asingekuja."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuwa nimetazamwa hata na Mhando. "Nanyi mmesoma," akasema. Kisha Mama Tabita akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti kilichowekwa vibaya, akawaambia wenzake, "Mmesikia. Jumapili ya mavuno masufuria nashika mimi." Wakatazamana. Yule wa miwani akasema, "Shika." Mwingine, mnene, aliyekuwa amesimama nyuma, akaanza kulia na kumwomba radhi, na Mama Tabita akamwambia aache kelele. Nikaondoka. Kwetu mgeni husindikizwa hata akiwa mbaya. Mimi nilikwenda barabarani peke yangu.

Kazi shuleni hakurudishiwa, wala hakuiomba. Miaka mingi baadaye nilikuwa na shughuli Kiomboi, nikaingia kula kwenye mgahawa uliosifiwa na madereva, na aliyekuja na sinia akawa yeye, mvi kidogo, mgongo uleule. Nikamwamkia, akaitikia. Akaniwekea kuku na ugali kama anavyomwekea mteja yeyote, kisha, jambo ambalo sikulitarajia, akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Bado unachapa?"

"Bado. Nina ofisi yangu."

"Vyombo vyako vizima?"

"Kikianza kuugua nakitupa siku hiyo hiyo."

"Na kusoma, unasoma kabla ya kutoa?"

"Nasoma mara tatu, mama."

Alinitazama nikila matonge mawili. Mteja mwingine akaita. Akainuka, akafuta meza yangu kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Soma mara nne," akasema, akaenda kumhudumia yule.